Kinamo Nilichomtengenezea Mama Yako

Karakana ya Wasaya,
Mtaa wa Maseremala,
Chiniot.

9 Aprili 2025

Mpendwa mpwa wangu Nazakat,

Assalamu alaikum warahmatullahi. Naomba barua hii ikukute huko Barcelona ukiwa mzima, wewe na mkeo na yule binti yenu mdogo ambaye mpaka leo hajamwona babu yake huyu akichonga ua la yasmini huku amefumba macho. Kikohozi chako cha baridi kimekuacha? Na mgongo je? Mwaka jana ulisema kupandisha mitungi ya gesi ghorofani kunakuumiza. Nyanyua kwa magoti, si kwa kiuno. Mimi niliwahi kupandisha kabati la milango mitatu peke yangu mpaka juu ya paa la nyumba ya mfanyabiashara mmoja wa Jhang, na mgongo wangu haujui mpaka leo kama jambo hilo lilitokea.

Sisi huku hatujambo. Joto limewahi, mto umekonda, ngano imeanza kugeuka rangi. Kazi ipo. Mwezi uliopita nilimaliza kitanda cha bibi harusi chenye tausi kichwani, na paka wa jirani alikaa mbele yake siku nzima akingoja tausi huyo ashuke.

Baada ya salamu, sasa jua kwamba nina hasira nawe. Nimetanguliza salamu kwa sababu marehemu bibi yako alinilea vizuri, si kwa sababu hasira imepungua.

Siku ile uliponipigia simu hukusalimu. Ulisema, "Mjomba, mama yangu si ubao wa kuchonga. Acha kumfanyia majaribio." Nilipofungua mdomo, ukakata. Nikapiga, hukupokea. Nikakutumia ujumbe wa sauti, mrefu, wenye maelezo yote, nawe ukanijibu kwa kile kidole gumba cha njano. Kidole gumba, Nazakat! Mtu mzima, mwenye mvi, ambaye vitanda vyake vimelaliwa na mawaziri, anajibiwa kwa kidole! Ndiyo maana nimechukua kalamu. Barua haina kitufe cha kukatia. Ataileta Ijaz, mwana wa muuza vitambaa, na nimemwapisha asiondoke mlangoni pako mpaka uisome yote.

Umeambiwa kwamba namlisha mama yako suhaga ya masonara. Aliyekuambia namjua, ni Shamim, mke wa kaka yako, na nitafika kwake baadaye. Kwanza nikuambie hali ya mama yako ilivyokuwa, kwa sababu wewe ulikuja ukamwona hospitalini, ukalia, ukarudi kazini. Sikulaumu kwa hilo. Lakini yaliyofuata hukuyaona.

Kile kiharusi kilimwachia ulimi, na tumshukuru Mungu, maana ulimi wa dada yangu Khurshid ndio unaoendesha nyumba ile. Mguu nao ulirudi. Mkono wa kulia ndio uliobaki umelala mapajani kama mgeni asiyejua ataondoka lini. Kisha vidole vikaanza kujikunja kuelekea kiganjani. Bibi wa mazoezi wa hospitali kule Faisalabad alisema waziwazi mbele ya kaka yako Liaqat: vidole hivi visipopata kitu cha kukamua kila siku, vitajikunja na kubaki hivyo, na hapo msije kunililia.

Unamjua mama yako. Kula kwa mkono wa kushoto hawezi hata umtishe kwa bunduki. Basi akaacha kukaa na watu kwenye chakula. Mwanamke aliyekuwa akikata roti ya kwanza nyumba nzima ikimngoja, sasa akawa anakula chumbani, nyuma ya pazia, mlango umefungwa, Shamim akimtilia matonge mdomoni. Hata mimi sikuruhusiwa kuingia. Nikamwuliza siku moja, "Dada, Idi itakapokuja utakaa nasi?" Akajibu kutoka nyuma ya pazia, "Nikikaa nanyi mtautazama mkono wangu badala ya sahani zenu. Kuleni. Mimi niacheni na aibu yangu."

Maneno hayo yaliniingia, Nazakat. Nami si mtu wa kuingiwa na maneno.

Wakaanza na unga. Bibi wa mazoezi alisema donge la unga wa roti linatosha kukamua. Nani katika nyumba yetu atachezea unga? Shamim alikanda donge, akamtia mama yako mkononi, naye akalitazama kama vile amepewa panya. "Hii ni riziki," alisema. "Mnataka nisimame mbele ya Mola nikiwa nimechezea riziki?" Likakauka juu ya dirisha likawaendea kunguru. Wakamletea mpira wa tenisi, mgumu mno. Sifongo, ikawa laini mno, haimrudishii chochote. Liaqat akasema Lahore kuna donge maalumu la mazoezi, huuzwa koponi, akaagiza, na mpaka leo kopo hilo liko njiani. Nadhani linakuja kwa miguu.

Sasa sikiliza akili ya mjomba wako ilivyofanya kazi.

Binti yangu Rafia, ambaye anasoma kemia chuoni, huwafundisha watoto wa mtaa jioni kwenye kibaraza cha karakana. Mmoja wao aliacha juu ya kitanda nilichokuwa nachonga donge la kinamo, lile dude la kuchezea, la waridi, linalovutika. Nikaenda kuswali. Nikapitia kwa muuza chai, tukabishana kidogo kuhusu siasa. Niliporudi, donge halikuwa donge tena. Lilikuwa limelala, limeshuka lenyewe polepole, limejaza kila jani na kila ua la kazi yangu ya wiki nzima, kama maji. Nilipiga kelele mpaka njiwa wa msikiti wakaruka.

Nikachukua patasi kulitoa. Nikilipiga, linakatika kavu kama bisikuti. Nikilivuta taratibu, linakuja lote, refu, jembamba, halikatiki. Sitii chumvi: nililivuta kutoka mlango wa karakana mpaka kwa muuza sambusa ng'ambo ya barabara, pikipiki zikasimama kulipisha, na bado lilikuwa halijakasirika.

"Rafia!" niliita. "Kitu hiki ni maji au ni mti?"

"Vyote viwili, Baba."

"Nalipa ada ya chuo ili nijibiwe hivyo?"

"Basi kiulize chenyewe," akasema, na mtoto yule yule mwenye dude akacheka.

Lakini papo hapo nikapata wazo, tena kabla ya Rafia. Kitu kinachomtii anayekwenda polepole na kumgomea mwenye pupa, hicho ndicho mkono wa dada yangu unachokihitaji. Hakuna unga ndani yake. Mola hatauliza kitu.

Rafia akanieleza sayansi yake, nami nakueleza wewe vizuri zaidi. Gundi nyeupe ya maseremala, hii hii ninayounganishia miguu ya vitanda, ndani yake imejaa nyuzi. Nyuzi ndefu ajabu, nyembamba kuliko tambi za Idi, zinaogelea kwenye maji na kuteleza moja juu ya nyingine. Ndiyo maana gundi humwagika. Sasa yeyusha suhaga kwenye maji, uitie. Suhaga unaijua, ile chumvi nyeupe ambayo masonara huinyunyiza kwenye dhahabu wakati wa kulehemu. Ikifika mle inakuwa vijikono. Kila kijikono kinashika uzi huu na uzi ule, na nyuzi zote zinajikuta zimefungana, maji yamebanwa katikati yake. Lakini vijikono hivyo havijaapa kushika milele. Vinashika, vinaachia, vinashika tena. Ukivuta polepole, kilichoachia huku kinapata nafasi ya kushika kule, na donge linarefuka. Ukivuta kwa ghafla, hakuna anayewahi kumshika mwenzake, na linakatika. Ndiyo siri yote. Ningekuwa nimesoma zaidi ya darasa la tano ningeigundua mwenyewe, lakini mwalimu alinirudisha nyumbani kwa sababu alikwisha kuishiwa la kunifundisha.

Gundi ninayo mapipa. Suhaga nikaichukua kwa Karam, sonara wa duka la pili. Rafia akaniambia uzito wa kutia, nami nikaupima kwa mizani ya dhahabu ya Karam, mizani ambayo inaweza kupima hata pumzi ya nzi. Mpaka hapo, kosa liko wapi?

Nakuuliza wewe, Nazakat, mtoto wa Chiniot. Toka lini mtu wa kwetu akamkaribia mgonjwa na suhaga mbichi? Tabibu gani, bibi gani? Hata suhaga ya kusukutua donda la mdomoni hukaangwa kwanza kwenye chuma, inachemka, inaumuka, inakuwa nyeupe na nyepesi kama bisi, ndipo inaitwa safi. Rafia aliposema suhaga, mimi nikaelewa suhaga ya watu waungwana. Nikaingia jikoni kwa Shamim, nikachukua kikaango chake cha roti, nikaikaanga yote, ikaumuka vizuri ajabu. Kisha ndipo nikapima.

Nikatengeneza. Nazakat, lilitoka kama kwato la nyati. Nikaligonga kwa nyundo ya mti, likairudisha nyundo. Nikalitupa ukutani, likaruka, likamvua kofia muuza nyama aliyekuwa akipita, likarudi mkononi mwangu. Mimi nikafurahi. Nikasema, huu ndio ugumu wenyewe. Wapiga mieleka wetu hawapati mikono ile kwa kunyanyua mito ya pamba. Nikampelekea dada yangu nyuma ya pazia, nikamwambia, "Kamua." Akakamua. Jioni nzima akakamua, kwa sababu nilimwambia litalegea, na yeye, maskini, bado huniamini.

Asubuhi mkono ulikuwa umevimba.

Hapo ndipo Shamim alipokuja na kikaango chake mkononi. Pembeni kulikuwa na unga mweupe umegandia.

"Mjomba, hii ni suhaga?"

"Ni suhaga."

"Umempa Mama suhaga?"

"Nimempa," nikasema kwa fahari, kwa nini nifiche? "Tena ya kukaangwa, safi kabisa. Na nitampa tena."

Kumbe yeye anafikiri nimemlisha! Kwetu suhaga ikiwa karibu na mgonjwa, kila mtu anaona kijiko na asali. Akapiga yowe, majirani wakaingia, mmoja na mtoto anayenyonya, mwingine na ndimu za kumtapisha mama yako. Mama yako anasema, "Sijala kitu! Nimekamua!" nao wanamwambia, "Tulia, Bibi, sumu ndiyo inayokusemesha." Kinamo changu kikatupwa mferejini, na hata huko hakikuzama, kilidunda. Liaqat alikuwa amesimama mlangoni akifuta miwani. Kaka yako huyo, nyumba ikiwaka moto, atafuta miwani kwanza ili auone vizuri. Na Shamim akakupigia wewe, nawe ukanipigia mimi, ukasema uliyosema, bila salamu.

Basi sasa umejua. Sikumlisha chochote. Nilipewa jina la mpaji sumu katika mtaa niliozaliwa. Muuza nyama alinikatia mifupa mitupu wiki mbili nzima, nyama akiwapa wengine. Karam sonara akaja kunisihi nisiseme suhaga ilitoka kwake. Watoto wakawa wananiita Mjomba Suhaga. Na mpwa wangu mwenyewe, niliyembeba mabegani kwenye maonyesho ya ng'ombe, akaniambia dada yangu si ubao.

Rafia ndiye aliyekaa nami karakanani akanieleza uvimbe ulikotoka. "Baba, suhaga mbichi karibu nusu yake ni maji yaliyojificha ndani. Ukiikaanga, maji yanaondoka. Ndiyo maana inaumuka. Ukipima uzito ule ule baada ya kukaanga, umetia karibu mara mbili. Vijikono vimejaa mno, nyuzi zote zimefungwa kabisa. Huwezi kukamua kitu hicho hata wewe."

"Kwa nini hukusema mbichi?"

"Kwa nini hukuuliza kabla ya kuiba kikaango cha Shamim?"

Sijaiba. Kuchukua kitu kwenye jiko la dada yako si wizi. Lakini tayari nilikuwa nimeanza kufikiria donge la pili.

Nikupe namna yake, ili binti yako akililia dude la dukani umtengenezee. Chukua gundi nyeupe, tia maji ya uvuguvugu kiasi kile kile, koroga mpaka visijulikane. Rangi ukitaka, mimi nilitia ya wali wa njano, lakini kidogo, ikizidi inashika kwenye kucha. Kando, yeyusha kijiko kidogo cha suhaga mbichi, narudia, mbichi, kwenye kikombe cha maji moto, yaache yapoe. Usimwage yote kwa pupa. Tia kijiko, koroga, tia kijiko, koroga. Utaona inajikusanya ghafla, inaacha bakuli, inaning'inia kwenye mwiko kama ulimi wa ng'ombe. Hapo acha kutia. Itoe uikande kwa mikono. Mwanzoni inanata na kuudhi, utataka kuitupa. Endelea kukanda, itakuwa laini na kavu. Ukitaka ngumu zaidi, ongeza tone. Iweke kwenye kopo lenye kifuniko, la sivyo maji yatakimbia. Kisha nawa mikono, na mtoto asiitie mdomoni wala asiishike akiwa na kidonda. Hayo ya mwisho yamesemwa na Rafia, nami nayakubali.

Nilipopeleka la pili, Shamim alisimama mlangoni na mti wa kusukumia roti. Sikutanii.

"Hapiti mtu na suhaga hapa."

"Ni ya kukamua, mwanangu. Tazama." Nikalivuta mbele ya macho yake, likashuka mpaka sakafuni kama pazia la hariri.

"Na la kwanza ulisema ni la kukamua."

"Na lilikuwa la kukamua! Nani alisema—"

"Mjomba, wewe ukikosea utarudi karakanani kwako," akasema, na sauti yake ikabadilika. "Mimi ndiye nitakayebaki humu. Mama akipata jambo, mjini hawatasema ni mjomba. Watasema mkwe wake amemwua."

Nikalirudisha donge kwenye kopo. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Shamim, mpishe huyo. Mkono ni wangu, si wenu. Umekwisha kulala, mnaogopa utafanya nini zaidi? Utahama?"

"Mama, twende kwanza tukamwulize bibi wa mazoezi."

"Twende. Na huyu mpumbavu aje na kopo lake, aelezwe mbele yangu."

Mpumbavu ndiye mimi. Niliyafanya yote yale kwa ajili yake, na hilo ndilo jina nililolipwa. Tukaenda Faisalabad sote kwenye gari la kukodi, kopo mapajani mwangu kama kitoweo cha harusi. Bibi wa mazoezi, msichana mdogo mwenye macho makali, akalikamua, akalivuta, akalinusa, akaliacha mezani akalitazama likitambaa. Kisha akaniuliza, "Wewe ndiye uliyempa lile jiwe?" Mbele ya wagonjwa! Nikasema ndiyo, lakini jiwe limekwisha kurekebishwa. Akasema linafaa. Aanze na laini, muda mfupi, mara kadhaa kwa siku; mkono ukizoea, liongezwe ugumu kidogo kidogo. Ukiuma au kuvimba, apumzike. Likianza kunuka, litupwe litengenezwe jingine. Na kabla hatujatoka, akaniomba kopo moja kwa ajili ya wagonjwa wake wengine. Shamim atakwambia kwamba mimi ndiye niliyemsukumia kopo mkononi. Usimwamini. Aliomba kwa macho.

Sasa, unadhani nani alikabidhiwa kazi ya kumkamulisha mama yako? Mimi, fundi? Hapana. Shamim! Mwanamke aliyekitupa kinamo changu mferejini, kila alasiri anakaa na mama yako juu ya kitanda cha kamba, anamwambia, "Bana, Mama. Achia. Vuta kwa gumba na kidole hiki. Tena." Anakigawa vipande, anaficha lozi ndani yake ili mama yako azitafute kwa ncha za vidole. Mimi nikija kutazama kazi yangu mwenyewe naambiwa, "Mjomba, unamzibia mwanga." Kikiwa kigumu, ananitumia ujumbe kama bosi: kesho lete laini. Kikiwa laini: kesho lete kigumu. Usiku na mchana nakoroga gundi, na vitanda vya watu vinangoja miguu.

Mwanzoni kidole gumba ndicho kilichotikisika. Wote tukabisha, tukasema ni upepo. Kisha akawa anakibonyeza kinamo mpaka alama ya kidole inabaki, anatuonyesha. Ramadhani ilipoingia alikuwa anakivuta mpaka kinakatika, na kikikatika anakitukana. Lakini kwenye futari bado alikula nyuma ya pazia, na bado Shamim alimlisha. Nikaanza kuogopa, ingawa sikumwambia mtu. Nilifikiri, huenda vidole vimerudi lakini mwenye vidole hatarudi.

Siku ya Idi, tuliporudi kuswali, kitambaa cha chakula kimetandikwa uani, nyama ya chunguni inanuka mpaka barabarani, roti zimetoka tanurini. Sote tumekaa. Pazia likasogea. Mama yako akatoka na fimbo yake, kanzu mpya, akaja akakaa mahali pake pale pa zamani, bila kumsalimu mtu, kama vile jana pia alikuwepo. Liaqat alivua miwani na safari hii hakuifuta.

Akautoa mkono wa kulia chini ya shela. Akaushusha kwenye roti. Ilichukua muda, Nazakat. Vidole vilifika kimoja kimoja. Akabana kwa gumba na vidole viwili, akavuta, haikukatika. Nilitaka kusema vuta kwa ghafla, Rafia akanifinya paja. Akabana tena. Ikakatika. Akachovya kwenye mchuzi, akakunja kipande juu ya nyama, tonge zima, halikudondoka hata tone.

Nikajiweka sawa. Nikafuta masharubu. Maana mama akitoa tonge la kwanza kwa mkono wake siku ya Idi, kila mtu anajua linakwenda kwa aliyestahili.

Akampa Shamim.

Alinyoosha mkono ule ule, akamtilia Shamim mdomoni, na Shamim akakaa na tonge shavuni machozi yanamtoka hajui atafune au alie. Sawa, nikasema moyoni, ni mkwe, ni heshima ya nyumba. La pili ni langu. La pili akampa Rafia! Rafia, aliyesahau neno moja dogo, mbichi, akaniletea balaa lote lile! Nikakohoa ili akumbuke nilipo. Akakata la tatu, akalichovya, akalikunja, akalipandisha taratibu, mimi nimekwisha kufungua mdomo, na akalitia mdomoni mwake mwenyewe.

Akalitafuna mpaka likaisha, ananitazama. Kisha akasema, "Wasaya, unangoja nini? Wewe una mikono miwili mizima."

Uani kote wakacheka, hata muuza nyama aliyekuwa ameleta zawadi ya Idi. Akakata jingine, akala. Na jingine. Alikula roti mbili bila kuguswa na mtu, na mimi nikala kwa mkono wangu, nikiwa na hasira, na chakula kilikuwa kitamu kuliko chote nilichowahi kula, nami nakasirika kwa hilo pia.

Basi hivyo ndivyo ninavyotendewa huku, mpwa wangu, na hivyo ndivyo ulivyonitendea wewe kutoka huko. Sikudai uniombe radhi. Umri wangu hauniruhusu kudai. Nasema tu kwamba mtu mwenye adabu angejua la kufanya. Shamim naye mshukuru kwa jina lake. Mimi siwezi kumshukuru kabla sijarudishiwa heshima yangu, na kikaango amekwisha kununua kipya akakifungia kabatini.

Mke wangu anakusalimu, anasema umekonda kwenye picha. Liaqat na Rafia wanakusalimu. Karam sonara anakusalimu, sasa anamwambia kila mtu kwamba suhaga ilitoka kwake. Mama yako anakuombea usiku na mchana, na amesema usinijibu kwa ukali kwa sababu mimi ni mdogo wake, haki ya kunikaripia ni yake peke yake. Msalimu mkeo, na umbusu binti yako kwenye paji la uso kwa niaba yangu.

Mwenyezi Mungu akulinde kwenye ngazi za watu na mitungi yao, aupe mgongo wako nguvu na riziki yako baraka, na atukutanishe kwenye kitambaa kimoja cha chakula nikiwa bado na meno.

Ni mimi nikupendaye, hata nikiwa nimekasirika,

Mjomba wako,
Allah Wasaya